Mashine Iliyokatazwa Kungoja

Saa mbili asubuhi, Mbombo amepiga magoti mbele ya mashine ya kusaga mahindi mjini Likasi. Anafungua kisanduku ambacho barua ya wakili imemkataza kukigusa.

"Bashitaki!" anafoka bila kuinua kichwa. "Minye njo nilizala hii kintu. Mama anakatazwa kugusa mutoto yake?"

Kisanduku hicho huongoza mashine kwa hali nne: kulala, kuamka, kusaga, kungoja. Umeme ukikatika kisha ukarudi, mashine hungoja mpaka mtu abonyeze kitufe. Mbombo, fundi umeme, alikibuni mwenyewe. Kila alipokifunga kwenye mashine ya mtu alichora ukutani duara nne na mishale kati yake, ili hata mwenye beseni kwenye foleni ajue mashine iko katika hali ipi.

Ukuta huo ndio uliomponza. Adrien, mfanyabiashara aliyejifanya mteja, aliupiga picha, akaenda Kinshasa, akarudi na hataza, ambayo hapa huitwa brevet. Sasa mchoro ni mali yake kisheria, na Mbombo ndiye anayeshitakiwa kwa wizi. Mwizi kumwitia mwenye nyumba polisi!

Hilo angelimeza, ingawa ni chungu kama shubiri. Lakini wateja walilalamika kwamba kungoja kunawachelewesha, basi Adrien akaiondoa hali ya nne katika visanduku anavyouza.

Machi mwaka huu, huko Kambove, umeme ulikatika. Julie, msagaji, akaingiza mkono kuzibua mahindi yaliyokwama. Umeme ukarudi, na mashine ikawaka papo hapo.

"Bidole tatu," anasema Mbombo. "Alafu Adrien ananiambia: 'Maman, ni accident.' Accident! Ile kungoja, aliitoa na mukono yake!"

Tangu siku hiyo anazunguka kwenye mashine za watu, akirudisha hali ya nne bila malipo. Ndipo ikaja ile barua ya wakili wa Adrien. Kesi itasikilizwa wiki ijayo, na mumewe, Barthélemy, hapati usingizi.

"Acha kwanza, Mbombo. Batakufunga," anamsihi, amesimama kando yake.

"Na courant, hii umeme, nayo itangoja tribunal?"

Barthélemy anapiga magoti naye. Anamshikia taa.

Mbombo anafunga kisanduku, anachukua brashi, anachora upya duara ya nne ukutani, kubwa kuliko zote.

"Banataka preuve, ushahidi?" anasema. "Julie atakuya. Bamuambie tu ainue mukono, aape."