Kazi ya Uwanja wa Misuku

Mtaa wetu uko pembeni mwa Lubumbashi, upande wa Kasungami, mahali ambapo zamani watu walipanda mahindi na sasa wanapanda nyumba. Kila lupango, yaani kiwanja cha mtu na ua wake, umekatwa mara mbili au tatu kwa ajili ya watoto na wapangaji, hata mlango wa jikoni wa jirani unafungukia kwenye kamba yetu ya nguo. Kilichobaki wazi ni uwanja mmoja wenye misuku, miti ya matunda ya porini, ambayo sijui ilinusurikaje na wachoma makala, makaa ya kuuza.

Mgeni akipita pale anaona pori tu. Sisi tunajua kazi yake. Mtu akifariki, kilio kinafanyika pale: turubai linafungwa kwenye miti, wanawake wanakaa kwenye mikeka karibu na mfiwa, wanaume wanazunguka moto kwenye viti vya plastiki, na bukari, ugali wetu, inapikwa upande wa barabara. Ndani ya malupango yetu hata jeneza haliwezi kugeuka.

Basi watu wa mipango ya mji wakaja na ramani yao. Enjinia, kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu kama vyetu, alitueleza kwamba pale patajengwa kituo cha afya na miti itakatwa yote. Ila kabla ya kuandika lolote, akauliza uwanja ule unatumika kwa nini.

Mimi nilikuwa upande wa saruji, wala sikuona haya. Baba yangu alikuwa mgonjwa wa moyo. Kila kifua kilipombana, tulimpandisha pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, mpaka mjini, na barabara yetu ile yenye mashimo. Kituo cha karibu kilikuwa na thamani zaidi kwangu kuliko misuku ya dunia nzima.

Jirani mmoja akasema watoto wanacheza pale. Mwingine akasema mvua zikianza wanaokota masuku. Nilijua kwa nini wanazungukazunguka: mama yangu alikuwa amekaa mbele kabisa, na kumtajia kilio mwanamke ambaye mume wake yuko kitandani ni kama kumwombea mume huyo afe. Adabu yao ilikuwa inakata miti mbele ya macho yangu, nami nilifurahi.

Ndipo mama akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Papa, hawa bantu banaogopa kusema kwa sababu niko hapa," alimwambia enjinia. "Pale njo tunaliliaka bantu betu. Bwana yangu iko mugonjwa, kila muntu anajua. Siku atakufa, nitamulilia wapi? Mu barabara?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha hasira ikanipanda, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anataka mahali pa kumlilia baba kuliko mahali pa kumtibu. Hakugeuka hata kunitazama. Akamwambia enjinia kwamba matibabu anayataka sana, tena upesi. Ila nyumba ya kituo inaweza kwenda juu badala ya kulala chini yote. Enjinia akakuna kichwa, akasema orofa inakula pesa. Lakini midomo ilikuwa imekwisha kufunguka, na kila mtu akaanza kumwonyesha mahali alipomlilia wake: mama yake hapa, mtoto wake pale. Enjinia aliacha kuandika, akawa anasikiliza. Aliporudi tena, ramani ilionyesha jengo jembamba la orofa moja kando ya barabara, na nyuma yake karibu miti yote imebaki.

Siku ile ya mkutano, tuliporudi nyumbani, tulimkuta baba ameshasikia, maana mtaa wetu hauna siri.

"Kumbe mumekwisha kunipatia lupango," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Mama naye akacheka. Mimi nilienda kulia jikoni.

Kituo kilijengwa. Baba alitundikiwa maji ya serumu pale mara nyingi, na kila mara aliomba kitanda cha orofani, karibu na dirisha, apate kuwaona watu chini ya miti na kuwasema. Kile kituo kilitupatia miezi ambayo pikipiki isingetupatia. Kisha moyo wake ukachoka.

Kwenye kilio chake, kwaya ilikuwa imeanza tu pale muuguzi aliposhuka, akamwinamia mama na kumnong'oneza. Kule juu kulikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu, mtoto anakataa kutoka, na kelele zetu zilikuwa zinamtia hofu. Mama aliinua mkono. Nyimbo zikakoma, wanaume wakaacha mazungumzo, hata wapishi wakatua sufuria zao taratibu. Tulikaa hivyo muda mrefu, umati wote ule, na huzuni yangu haina pa kutokea.

Muuguzi aliporudi alikuwa anatabasamu, kisha akakumbuka yuko wapi, akaacha. Mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mutoto amefika," alituambia. "Sasa mulie."