Mashuhuri wa Mwezi wa Njaa

Juzi ofisini kwa akida, Kibiti, karani alikuwa anaandika watu mashuhuri waliokufa mwezi ule vita vya Maji Maji vilipotuletea njaa. Alishamwandika jumbe na mwalimu wa chuoni.

"Mwandike na mke mwenzangu," nikamwambia.

"Alikuwa na cheo gani, bibi?"

"Akifukuza ndege mpungani. Akipiga ukelele juu ya dungu lake la kulindia mpunga, ndege wanahama mashamba matatu."

Karani akacheka, akapangusa kalamu. "Hao hatuwaandiki."

Miaka yote nilimwambia mwanamke yule anyamaze, ananipasua masikio. Sasa mpunga umezaa, na dungu lake nalipanda mimi. Napiga kelele mpaka koo linakauka. Ndege wananitazama, kisha wanaendelea kula. Wao hawakungoja orodha ya karani kujua kwamba hayupo.