Sauti ya Kujibu

Muzee aliyeongoza sala katika sinagogi ya mji wetu alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Mimi ni Mkatoliki wa Kampemba. Nilifundisha kwaya miaka mingi, na noti za muziki nilijifunza peke yangu. Aliniita kwa sababu koo lake lilikuwa limechoka, na nyimbo za wazazi wake zilipanda juu mno. Alitaka nimtungie sauti mpya, ya chini, kwa ile sala ambayo kiongozi anatamka na watu wanajibu: Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu.

Sehemu ya kiongozi niliiacha karibu na ya zamani, nikaishusha. Jibu nililijenga kama mama zetu wanavyojibu kwenye kilio cha msiba: linaingia kabla sauti ya kwanza haijaisha, ili anayeanza asibaki peke yake. Kwenye mazoezi yeye aliongoza, mimi nikajibu, kwa "la la" tupu. Maneno matakatifu, alisema, hayatamkwi kwa kujaribu.

Tulikuwa na nafasi moja tu: sikukuu ya mwaka wao mpya. Baada yake binti yake angemchukua akaishi naye Ubelgiji. Sala ile haisemwi pasipo wanaume kumi wa Kiyahudi. Nilijua hilo, lakini niliamini sikukuu ingewaleta.

Asubuhi hiyo walifika tisa. Tulingoja mpaka jua likahama kwenye madirisha. Mfanyabiashara mmoja aliyeahidi kuja kutoka Ruashi hakupokea simu yangu.

"Muzee, na mie je?" nikauliza.

"Weye uko wa kumi kwa macho," akajibu. "Kwa sheria, ungali muntu wa kwaya ya Kampemba."

Wenzake wakacheka. Yeye pia alicheka, kisha akafuta miwani yake kwa muda mrefu.

"Basi uimbe peke yako, hata kidogo," nikamwambia.

"Ile haina ya muntu mumoja, papa. Si weye mwenyewe njo uliitengeneza hivyo?"

Kila mmoja akasali kimya. Walipofika mahali pa wimbo, waligeuza ukurasa, wakaupita.

Siku ya safari nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Luano. Kwenye mstari wa ukaguzi alianza sehemu yake, "la la", taratibu, na mimi nikaingia kabla hajaisha, kama tulivyozoea.

"Muzee, songa mbele," askari akasema.

Akasonga. Jibu nikalimaliza peke yangu, bila maneno.