Darii ya Goliathi

Fancy Chepkurui alitaka kitu kimoja tu: Goliathi atakapotokea jukwaani, watoto walie. Mwaka uliotangulia, vijana wa kanisa lao la Roret walimvika Goliathi maboksi ya biskuti, na jitu likaingia likinukia vanila. Watu waliokuja kwenye tamasha la makanisa pale Chepilat walicheka mpaka wakasahau kumsikiliza Daudi.

"Mwaka huu hamtacheka," Fancy aliapa.

Alikuwa mchuma chai, kama mama yake kabla yake. Mchuma chai hatoki bila aproni nzito ya plastiki, maana asubuhi michai imelowa na matawi yake yanakwaruza kama makucha. Aproni ikichakaa hutupwa kwenye banda la kuku, na huko ndiko Fancy alikokwenda kuziokota, kwake na kwa majirani. Alizipitisha juu ya makaa zikalegea, akakata magamba ya ukubwa wa kiganja cha mtoto, akayashona yakalaliana yakawa darii, vazi la vita. Vidole viliungua, vikapona, vikaungua tena. Chapeo aliifinyanga kutoka kwa sufuria iliyotoboka. Lakini kifuani hakuweka magamba. Aliweka aproni nzima ya marehemu mama yake, iliyosuguliwa na michai miaka nenda miaka rudi hadi ikapata mng'ao ambao rangi ya kopo haiwezi kuutoa.

Siku Wambugu, mwenye duka la misumari na mabati aliyeigiza Goliathi, alipoivaa na kuguna, mjukuu wa jirani yao Rodah alijificha ndani ya sketi ya nyanya yake akipiga mayowe. Fancy alirudi nyumbani akiimba.

Wiki iliyofuata Kipkurui, mwenyekiti wa vijana, akaingia kanisani na boksi. Alikuwa ameagiza darii mtandaoni. Ilikuwa ya vipande vya kuunganishwa, inang'aa kama karatasi ya peremende.

"Fancy wetu, yako si mbaya," alisema. "Lakini tunashindana na makanisa ya mjini. Majaji wakiona aproni za kuchumia majani watasema nini?"

"Watasema Goliathi amekuja."

"Wacha hizo. Hii imetoka kiwandani. Na utusaidie kuiunganisha, maelekezo ni ya Kichina na wewe ndiye fundi."

Fancy alikuwa mtu wa kumeza maneno. Aliyameza hayo pia, akaiunganisha ile takataka mpaka kifungo cha mwisho. Yake ikabaki akiba kwenye sanduku la mavazi, "in case," kama alivyosema Kipkurui.

Siku ya tamasha, Fancy alizunguka nyuma ya hema kuwatakia heri. Alimkuta Wambugu amesimama mikono juu. Darii ya kiwandani ilikuwa imeshonewa mtu nusu yake. Mgongoni ilikataa kabisa kukutana. Kipkurui alikuwa ameziba pengo hilo kwa vipande virefu vya plastiki alivyofunga huku na huku. Miguuni pa Kipkurui kulikuwa na makasi na ile darii ya magamba, kifua kimefumuliwa.

Fancy aliutambua ule mng'ao.

"Nani amekata hii?"

"Nilimwambia akuulize kwanza, dada," Wambugu alisema upesi.

"Ni aproni tu, Fancy," Kipkurui akasema. "Nitakununulia ingine mpya."

"Na mama yangu utamnunua duka gani?"

"Haki sikujua ni ya mamako."

"Hukuuliza!" Sauti yake ilipasua hema. Kwaya iliyokuwa jukwaani ilipoteza noti. "Mikono yangu uliijua ulipotaka fundi. Mdomo wangu ndio hukuujua?"

"Tunaitwa sasa hivi. Tafadhali, tutaongea baadaye."

Fancy hakungoja baadaye. Alifungua vipande vile kimoja kimoja mgongoni mwa Wambugu, naye jitu akatulia kama mtoto anayevuliwa shati. "Toa yote, dada," alinong'ona.

Kipkurui akakimbilia kamba ya katani. Goliathi akaingia jukwaani darii ikining'inia, fulana yenye matundu ikichungulia nyuma, na kabla hajatoa tusi la kwanza mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, mbona huyo amefungwa kama kuku wa soko?"

Kicheko kilivuma hadi nyuma ya hema, alikosimama Fancy na vipande vyake. Hakulia. Walikuwa wamecheka tena.

Jumatatu, michaini, Rodah alimwona amevaa aproni ya mama yake, imeunganishwa kwa uzi wa gunia. Umande ulikuwa unapenya kwenye kila mshono.

"Umelowa, mtoto wangu. Si mwenyekiti alikuletea mpya jana?"

"Alileta."

"Iko wapi?"

"Nimemrudishia," Fancy alisema, mikono yake ikiendelea kuchuma. "Nimemwambia amvike Goliathi wake."