Breki Mpya za Mwalimu Rokiah

Mwalimu Rokiah wa mji wa Ipoh ameishi nusu ya umri wake kwenye kiti cha abiria. Kazi yake ni kufundisha watu kuendesha gari, na gari la shule ya udereva lina pedali ya breki ya pili upande wa mwalimu. Mguu wake hukaa juu ya pedali hiyo kama paka aliyekaa mlangoni mwa panya. Ameokoa kuku, ameokoa waendesha baiskeli, ameokoa ukuta wa msikiti, na siku moja aliokoa harusi nzima iliyokuwa ikivuka barabara na ngoma zake. Ukimuuliza gari ni kitu gani, atakwambia gari ni breki, hayo mengine ni kelele tu.

Ndiyo maana aibu ya mwaka jana ilimchoma hivyo.

Ana kigari chake chekundu cha Kijapani, cha viti viwili, kifupi, chenye pua ndefu, kizee kuliko wanafunzi wake wengi. Alikinunua kwa daktari wa meno aliyehamia Australia kwa watoto wake. Mumewe, Mansor, alimuuliza kwa nini viti viwili wakati wao wana watoto wanne. Rokiah akamjibu kuwa watoto wana miguu.

Kila mwaka chama chake cha magari ya zamani hupanda milima ya Cameron, hulala huko kwenye baridi, na asubuhi huteremka kwa msafara hadi Tapah kwa barabara inayojikunja kama utumbo. Mwaka jana, katikati ya mteremko, breki za mbele za kigari zilichemka. Moshi ukatoka kwenye magurudumu, pedali ikazama hadi sakafuni, na Rokiah akasimama kwa gia na breki ya mkono, pua ya gari ikiwa imeingia kwenye kibanda cha muuza mahindi. Hakuumia mtu. Lakini kigari kilishuka juu ya lori, na yeye akateremka mlima ndani ya basi la wake za wanachama, ambao walimpa biskuti njia nzima kama mgonjwa. Jioni, mwenyekiti wa chama, Bwana Selvanathan, meneja mstaafu wa benki, shati limenyooka na nywele zimenyooka, alisema mbele ya watu wote kwamba hajawahi kumwona mwalimu wa udereva asiyejua kusimama.

Watu walicheka. Rokiah naye alicheka, ila meno yaliuma.

Mwaka huu mwenyekiti akatoa amri. Gari lililopata matatizo mwaka jana halishuki na msafara mpaka lisimame mbele yake, Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wa mgodi wa zamani wa bati. Tena si kusimama mara moja. Litasimama na kusimama mpaka breki ziwe za moto kweli. Likishindwa, mwenyewe apande basi.

Basi la biskuti. Rokiah aliapa heri ashuke kwa magoti.

Fundi wake, Kheong, alimwambia dawa iko wapi. Pale mjini kuna yadi za magari yaliyokatwa nusu. Magari huja kutoka Japani yamekatwa kwa msumeno, nusu ya mbele tu, yakapangwa mstari pua nje kama samaki sokoni, na mafundi huja kuchomoa wanachotaka. Kheong akamtajia gari moja kubwa la familia, la kampuni ileile iliyotengeneza kigari. Diski zake ni nene, zina matundu katikati ya kupitisha upepo, na kalipa zake, yaani zile taya za chuma zinazobana diski, ni kubwa kama tofali. Zinakaa kwenye bolti zilezile.

Rokiah alizunguka yadi wiki nzima akitoka kazini. Ijumaa jioni akaiona nusu aliyoitaka, nyeupe, safi, haijaguswa. Mtu wa yadi alisimama mbele ya pua ya gari, akafungua kalipa, na kabla ya kuzitoa akazipaka rangi ili zisichanganyike, nyekundu ya kushoto, nyeupe ya kulia. Rokiah akazifunga kwenye gazeti pamoja na diski zake akazipakata mpaka karakana. Mansor, aliyekuwa akiendesha, alisema hata kifungua mimba wao hakupakatwa hivyo.

Kheong alizitazama, akazipiga kidole, akasifu. Halafu akasema kesho hayupo.

Rokiah alikuwa amesahau kuwa kesho ni siku ya Cheng Beng. Wachina wote wa mji wangekuwa makaburini tangu alfajiri, wakifyeka majani na kuwachomea wazee wao karatasi, na Kheong ana kaka mkubwa ambaye ukikosa kaburini atakusema mpaka Cheng Beng nyingine.

"Ngoja Jumatatu, mwalimu," alisema Kheong.

"Jumatatu wenzangu watakuwa wameshateremka."

"Basi funga mwenyewe. Si unajua kila kitu."

"Nimekuona ukifunga breki tangu nywele zako zikiwa nyeusi."

"Na mimi nimekuona ukifundisha watu tangu zako zikiwa nyingi," alisema Kheong, "lakini sijafungua shule." Hata hivyo alimpa ufunguo wa karakana.

Asubuhi ile, hapakuwa na mtu mwenye furaha kama Rokiah mji mzima. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akavaa ovaroli ya Kheong iliyombana nyonga, akainua kigari kwa jeki, akakiwekea stendi chini. Alitoa diski za zamani, nyembamba kama sahani, zimekuwa za bluu kwa kuungua. Alipoweka mpya, na diski ikajaa vizuri mahali pake, alirudi nyuma akaitazama kama mtu anayetazama pazia lake jipya. Akaweka kalipa nyekundu kushoto na nyeupe kulia. Akafunga mabomba mapya ya mpira na pedi mpya, akamwita Mansor akae kwenye usukani kwa ajili ya kutoa upepo.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua skrubu ndogo kwenye kalipa, mafuta ya breki yanatoka pamoja na upepo, anaifunga, mwenzake anaachia. Upepo ukibaki ndani, breki hazishiki.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Achia. Ikoje?"

"Laini," alisema Mansor. "Kama tau fu fah."

Wakarudia. Wakarudia tena. Chupa ya mafuta ikaisha, wakafungua nyingine, na pedali ikabaki vilevile, inazama taratibu kama kijiko kwenye bakuli la uji huo mzito wa soya. Jua lilishapanda juu ya vilima vya mawe. Rokiah alikagua kila kiungo, hapakuwa na tone linalovuja. Jasho lilimtoka, na sasa halikuwa la kazi. Mansor akasema kwa upole wa mtu anayetaka chakula chake cha mchana kwamba basi nalo si baya, lina kiyoyozi. Rokiah alimwangalia tu. Mansor akarudisha mguu kwenye pedali bila kuambiwa.

Mwishowe alimeza kiburi akampigia Kheong simu. Huko makaburini palikuwa na milio ya fataki na mtu akikohoa moshi. Rokiah alimweleza yote. Kheong akaguna, na Rokiah akajua anafurahia.

"Ile skrubu ya kutolea upepo inatazama wapi?" aliuliza.

Rokiah alilala chini ya gari akachungulia. "Inatazama chini."

"Mwalimu. Upepo hukaa juu au chini?"

"Juu," alisema Rokiah.

"Yule mtu wa yadi alisimama wapi alipopaka rangi?"

Rokiah akaona yote papo hapo, mtu yule na kopo lake, mbele ya pua, akilitazama gari usoni. Nusu ya gari haina usukani wa kukaa nyuma yake. Kushoto kwake yeye ndiko kulia kwa gari. Kalipa zilikuwa zimevaliwa kinyume kama viatu vya mtoto, skrubu zimekwenda chini na upepo umejificha juu ambako hakuna pa kutokea.

"Na mimi ndiye ninayegombeza watu siku nzima kuhusu kushoto na kulia," alisema.

"Leo nitawasimulia wazee wangu," alisema Kheong. "Watacheka huko waliko."

Rokiah hakuwa na muda wa kukasirika. Alizifungua zote mbili akazibadilisha pande, skrubu zikatazama juu. Mansor alikanyaga, na mafuta yakatoka na mapovu, fyuu, mapovu tena, kisha mafuta matupu, safi. Mara pedali ikagoma. Mansor alikanyaga kwa nguvu zake zote, akatoa kichwa dirishani.

"Kiah, jiwe."

Rokiah aliruka ruka pale karakanani, mama wa watoto wanne, ovaroli ikimbana.

Alikula wali wake amesimama, kisha akakipeleka kigari barabara ya Gopeng, akikanyaga polepole ili pedi zizoeane na diski. Alasiri akaingia kwenye uwanja wa mgodi. Wanachama walikuwa wamejipanga na miavuli. Bwana Selvanathan akasema atapanda naye, ili asije akadanganywa na macho.

Rokiah akaondoka kwa kasi, vumbi jeupe nyuma, akakanyaga. Kigari kikasimama kama kimefungwa kamba. Miwani ya mwenyekiti ikaruka ikagonga kioo. Akaiokota. "Tena," alisema. Akarudia, na tena, na tena, mpaka harufu ya pedi ikajaa garini na kila mtu uwanjani akasogeza mwavuli kando ili aone. Ni kwa joto kama hilo mwaka jana pedali ilizama. Rokiah alikanyaga, na pedali ikawa palepale, ngumu, juu, na kigari kikajishika ardhini.

Bwana Selvanathan alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, shati halijanyooka tena.

"Inatosha," alisema. "Mwalimu, inatosha. Kesho nenda mbele. Wengine wajifunze kwako pa kusimama."

"Mbele ya gari lako, Bwana Mwenyekiti?"

"Nimesema mbele."

Jioni hiyohiyo walipanda, na asubuhi ya Jumapili ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya chai, Rokiah akaongoza msafara. Kona ikaja, akagusa pedali, kigari kikatii. Kona nyingine, kikatii tena. Hakukuwa na moshi wala harufu, ila ya majani mabichi, na upepo wa baridi mashavuni. Mansor alifumba macho kona za kwanza, halafu akafungua moja, halafu yote mawili, akaanza kupunga mkono kwa wauza mahindi. Nyuma yao honi zililia mlima mzima.

Walipofika Tapah, wenzao walishuka kunywa chai na kupongezana kwa kupigana mabegani. Basi la wake likaingia, wanawake wakatoa vichwa madirishani wakimwita. Rokiah hakuzima injini.

"Mume wangu, shuka ukanywe chai," alisema.

"Na wewe je?"

Rokiah alikuwa ameshageuza usukani, pua ya kigari inatazama mlima. "Mimi napanda tena," alisema. "Nataka kuteremka upya."