Bafle nne za Papa na masikio ya Tate

Siye tuliokulia Bigo, mtaa wa Bunia, wakati televisheni ilikuwa moja kwa avenue nzima, tunakumbuka kwamba muziki ulikuwa na uzito. Ulibebwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, na wa tatu nyuma akisema "polepole, angalieni mlango." Juzi kijana wangu wa mwisho alileta nyumbani sinema yake ya sebuleni: katoni moja, ndani vibafle vitano, spika ndogondogo, na kingine cha kunguruma. Aliibeba kwapani. Juu ya katoni wameandika wati ambazo zingetosha kusaga mahindi ya mtaa, na waya wake wa umeme ni mwembamba kuliko kamba ya viatu vyangu. Akaniwekea kibafle kimoja nyuma ya kiti, akasema, mama, sasa sauti itakutokea nyuma. Nikamwambia nyuma yangu ni ukuta. Akacheka, akadhani ninatania.

Enzi zetu ampli, mashine ya kukuza sauti, ilitoka kwao na bafle zilitoka kwao, na kuzikutanisha ilikuwa kazi ya mwenye nyumba. Hakuna aliyekuuzia vyote pamoja. Ulipata spika leo, nyingine baada ya mavuno, ampli ukaikuta kwa mtu anayehama. Papa yangu alikuwa fundi mbao, na fundi mbao akipenda muziki, zinazoumia ni mbao. Kila spika aliyoipata aliitengenezea sanduku la mbao ngumu ya libuyu, na kila sanduku lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia. La nne lilitushinda mlangoni, ikabidi Papa atoe fremu ya mlango, aliingize, halafu arudishe fremu. Mama alitazama kazi hiyo yote akiwa anachambua majani ya sombe. Kisha alifuma vitambaa vyeupe vinne, akavitia uwanga, akafunika kila bafle, na juu ya kila kitambaa akaweka maua ya plastiki. Hapo zikawa samani, na siye watoto tukakatazwa kuzigusa.

Siku ya Bonana, yaani mwaka mpya, watu wa rika langu mnakumbuka, kila nyumba ilitoa bafle zake mlangoni zikatazama barabara. Tulikuwa na nguo mpya, tumepakwa mafuta hadi magotini, tunacheza nzango, kuruka na kupiga makofi, kwenye vumbi mpaka nguo mpya inakuwa ya zamani kabla ya wali kuiva. Wakubwa walipita wakihesabu bafle. Nyumba ya bafle mbili ilikuwa ya mtu anayejitahidi. Ya bafle nne ilikuwa yetu tu. Papa alisimama kando ya bafle zake akiwa amevaa koti, akipokea salamu.

Kuhusu sauti yenyewe, sitaki kusema vibaya juu ya marehemu. Ampli ilikuwa ndogo, ya kutosha kuhubiria sokoni, na bafle zilikuwa nne, nzito, kila moja ikidai sehemu yake. Mwimbaji alisikika kama mtu aliyejifunika blanketi. Mama alijua, siye tulijua, hata mbuzi wa jirani alijua, maana alilala mbele ya bafle akicheua. Papa alisema, "Hii ni sauti ya heshima." Tukanyamaza, kwa sababu enzi zetu mzazi akisema kitu, kilikuwa kimesemwa.

Halafu Tate akaja kukaa kwetu. Tate alikuwa mama yake Papa, mwanamke wa Kpandroma, kule juu kwenye baridi. Alishuka na gunia la viazi na sweta ambayo hakuivua hata jua la saa sita, kwa sababu hakuliamini jua la Bunia. Masikio yake yalikuwa yameanza kufunga. Ulimsalimia, avenue nzima ikaitikia, yeye bado anakuuliza umesema nini.

Kilichomweka hai Tate ni kaseti. Mtoto wake wa mwisho, Dezire, ambaye kwetu alikuwa Baba Mudogo, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, na Tate hakujua kusoma. Basi Baba Mudogo hakuandika barua, alizungumza. Alirekodi kaseti, akampa mfanyabiashara, mfanyabiashara akaileta pamoja na habari za njia. Wengi wetu tulipokea barua za namna hiyo: tuliirudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili tusimalize mawe ya radio, betri zake, na mawe yakichoka tuliyaanika juani juu ya bati pamoja na samaki ya Kasenyi. Tate alishika radio sikioni kama mtoto mchanga, akasikiliza, akajibu. Alimgombeza mtoto wake saa nzima kupitia kaseti. Baadaye hakusikia tena vizuri, akawa anaibana radio kwenye kichwa kwa mikono miwili. Siku kaseti nyingine ilipofika, aliibana, akangoja, akaigeuza, akangoja tena, akaniuliza mbona haisemi. Ilikuwa inasema. Nilisikia nikiwa mlangoni, Baba Mudogo akisalimia watu.

Tate aliweka radio chini. Akasema, "Dezire alikufa. Munanificha."

Kwa mgeni wa kwetu, nieleze. Msiba hauambiwi mzee ghafla. Kwanza mnamlisha vizuri, apate nguvu. Kisha majirani wanakuja kumsalimia mmoja mmoja bila sababu, wanakaa, wanatazama chini. Tate alikuwa amewaambia wengi hivyo katika maisha yake, aliujua utaratibu wote. Akakataa kula. Mama, kwa huruma, akachinja kuku. Majirani waliposikia Tate hali chakula, wakaja kumwona mmoja mmoja, na kwa kuwa ukimwongelesha hasikii, wakakaa wanatazama chini. Tate akamtazama kuku. Akawatazama majirani. Akafungua kitenge chake kizuri, akajifunga cha zamani, akakaa chini kwenye sakafu kama mfiwa.

Papa alipiga magoti mbele yake, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Mama, Dezire iko muzima! Njia ndiyo ilikatika!"

Tate akamsoma midomo, akasema taratibu, "Hata kama alikufa, ungesema vile vile. Nilikufundisha miye mwenyewe."

Baada ya kaseti ile kufika njia ya machimbo ilikuwa imekatika, hakuna aliyeweza kwenda kumleta Baba Mudogo, na simu hatukuwa nazo. Jioni hiyo Tate aligusa maji tu. Siku iliyofuata vilevile. Mifupa ya uso wake ilianza kuonekana, nami niliogopa kupita karibu naye, kwa sababu alikuwa ananitazama kwa msamaha, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyelazimishwa na wakubwa kusema uongo.

Ndipo Papa alipokwenda sokoni kwa Papa Kambale, mtu wa Butembo aliyekuja na familia yake na kufungua duka la vyombo vya muziki kutoka Aru. Papa Kambale alikuwa na ampli moja kubwa ambayo watu walikuja kuitazama tu. Papa aliomba kuiazima. Papa Kambale alifikiri muda mrefu, halafu akafunga duka, akaja nayo mwenyewe, akiwa ameikumbatia, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote kuibeba.

Alipoona bafle nne zimefungwa pamoja kwenye tundu moja alikaa kwenye kiti. "Papa, uliziolesha zote kwa bwana mumoja?"

"Bafle mingi, sauti mingi," Papa alisema.

"Hapana. Angalia huku nyuma." Kwenye ampli pameandikwa ome nane, kipimo cha mzigo inaoweza kuvuta. Nyuma ya kila spika pia, ome nane. Papa Kambale alieleza kwamba ukifunga mbili pamoja, ome zinabaki nne. Ukifunga nne, zinabaki mbili, na ampli inavutwa kupita nguvu zake mpaka inaungua. Moja kwa kila upande, basi. Mbili zitoke.

Papa alizitazama bafle zake. Kila moja alikuwa ameipiga randa kwa mikono yake, na Bonana ilikuwa karibu. Akasema tujaribu kwanza hivyo hivyo, kidogo tu. Papa Kambale, ambaye alikuwa mgeni nyumbani kwetu na mtu wa adabu, aliwasha. Baba Mudogo alisema "Mama" kwa sauti iliyotikisa maua ya plastiki, kisha ampli ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikanyamaza. Tate alikuwa ametazama upande mwingine. Papa Kambale alifungua kifuniko. Ilikuwa fyuzi tu. Alitia nyingine, akafuta jasho, akashika plagi ya umeme mkononi, akamtazama Papa.

Papa alichukua bisibisi. Alifungua waya za bafle ya nne, ile iliyong'oa fremu ya mlango, halafu za tatu. Alizisukuma mwenyewe hadi uani, hakutaka msaada. Majirani waliona. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na akasema ni vumbi la libuyu. Nilimpenda Papa siku zote, lakini siku hiyo ndiyo nilijua.

Bafle moja tuliisogeza kando ya kiti cha Tate, Mama akaiondolea kitambaa na maua. Tukamwinua Tate kutoka sakafuni, tukamkalisha. Alikubali kama mtu anayevumilia watoto. Papa Kambale akawasha, na safari hii hapakuwa na blanketi. Baba Mudogo aliingia Bigo. Mbuzi wa jirani alisimama. Baba Mudogo alimsalimia mama yake, akamsalimia Papa, akasalimia watu wa ukoo kwa majina, wa Bunia kwanza kisha wa Kpandroma, na watu wetu ni wengi. Barabarani watu walisimama wakisikiliza, na wale waliotajwa waliitikia.

Tate hakusikia. Alitazama dari. Mama alianza kulia kimyakimya kwenye mlango wa jikoni.

Kaseti ikaendelea mbele ya avenue nzima. "Yaya," Baba Mudogo alimwita kaka yake, na hapo akanyamaza. "Yaya, ile kinga uliniachia..." Akanyamaza tena. "Ile kinga, kulikuwa na mutu mumoja hapa... alikuwa na shida ya kinga..." Papa, ambaye hiyo kinga ilikuwa baiskeli yake pekee na aliamini iko salama machimboni, aliinua kichwa.

Wakati huo Tate alikuwa amechoka. Alitaka kurudi sakafuni kwake. Aliweka mkono juu ya bafle ili ajiinue, akajiinua nusu, na hapo akabaki, amepinda, mkono kwenye mbao iliyokuwa inatetemeka. Tulidhani mgongo umemkamata. Akakaa tena. Akaweka na mkono wa pili. Kisha akalaza shavu.

"Ni Dezire," alisema.

Papa akapiga magoti akamwonyesha kwa mikono: umejuaje?

"Anaongea, anasimama. Anaongea, anasimama." Tate hakuinua shavu. "Iko na kosa. Toka mutoto, akikuwa na kosa anaongeaka vile. Alifanya nini?"

Papa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na kwa mtu aliyepoteza baiskeli haikuwa kawaida. Kaseti ilipokwisha Tate alidai irudishwe mwanzo. Kisha akauliza kama nyumba hii ina bugali.

Bonana ile tulitoa bafle mbili mlangoni. Waliopita walihesabu, wakafika mbili, wakatafuta nyingine. Papa alisimama kando na koti lake. Mama aliweka unga ndani ya bafle ya nne, na ulikaa mkavu miaka mingi.

Njia ilipofunguka, Baba Mudogo alikuja mwenyewe, amekonda, na buti za mpira mguuni. Alipiga magoti mbele ya Tate akaanza kupaza sauti kama siye wote tulivyozoea. Tate akamfunga mdomo kwa kidole. Akamfungua vifungo viwili vya shati, akaweka kiganja chake juu ya kifua, akakitua vizuri.

"Sasa ongea," akasema. "Anza na ile kosa."

Baba Mudogo alijaribu, sauti haikutoka. Mtu mzima yule, mwenye mikono ya kuvunjia mawe, alilia mbele yetu, na mkono wa Tate ukawa unapanda na kushuka juu ya kifua chake. Tate alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza habari ndefu. Alikaa vile mpaka Mama akapasha chakula moto mara mbili.

Wote hao wamelala sasa. Leo hata ome hazina mtu wa kuziuliza. Vibafle vya kijana wangu vinajipima vyenyewe, na yeye akitaka kusikiliza anajiziba masikio kwa vitu viwili vidogo, kila mtu nyumbani na wimbo wake, hatujui nani anafurahi na nani analia. Binti yangu mkubwa anafanya kazi Aru. Kila Jumapili ananitumia sauti kwenye simu, na kijana ananifungulia kwenye ile sinema yake, mbele, kando na nyuma ya kiti. Ni safi ajabu, nasikia hata anapomeza mate. Ananiambia kila kitu ni sawa, mama, usiwe na wasiwasi. Ananyamaza kidogo, halafu anasema tena kila kitu ni sawa. Ninanyoosha mkono kwenye kile kibafle, ni cha plastiki, chepesi, kinahama kwenye meza, na hakuna pa kuweka kiganja.