Siku Mama Alipoita Nikiwa Kwenye Gemu

Nakumbuka asubuhi ile ya mwezi wa sita, mwanangu, jua la Iringa likiwaka bila kutoa joto, nami nimekaa kwenye baraza ya hospitali moja ya misheni, spika ndogo za waya nimezichomeka kwenye masikio yote mawili. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Mkononi nilishika kidude kikubwa kidogo kuliko kiberiti, tulikiita MP4. Kazi yake ilikuwa kupiga muziki na kuonyesha picha, lakini waliokitengeneza walikuwa wametia ndani yake na gemu za zamani, zile zilizokuwa zikichezwa kwenye televisheni tulipokuwa watoto.

Wewe leo una simu yenye gemu zinazofanana na sinema, najua utacheka. Ngoja nikueleze njaa niliyokuwa nayo. Nilipokuwa mdogo, jirani na kwetu Mbeya kulikuwa na chumba cha gemu. Wenye hela waliingia. Sisi wengine tulichungulia dirishani mpaka mwenye chumba atumwagie maji. Nilizijua gemu zile zote kwa macho, wala sikuwahi kugusa hata kitufe kimoja. Basi kaka yangu Gwakisa, aliyekuwa akichimba dhahabu Makongolosi, aliposhuka mjini na kuniwekea kidude kile kiganjani, nilijiona nimefunguliwa mlango baada ya miaka yote ya dirishani. Na mwenye njaa, wahenga walisema, hana miiko.

Mama yetu alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufifia kabisa. Tumaini lilibaki kwa lile la kulia. Tukasikia kuna madaktari wa macho wamefika hospitali ile, nikapanda naye basi kutoka Mbeya. Upasuaji ukaenda vizuri, jicho likafungwa bandeji, na daktari akaniita pembeni.

"Kijana, kwa siku hizi chache wewe ndiye macho ya mama yako. Asiiname, asijikwae, asinyanyuke bila kushikwa mkono."

Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia ni rahisi, mwanangu.

Asubuhi hiyo mama aliomba kuota jua. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye benchi, nikamfunika khanga mabegani, kisha nikaenda kukaa hatua kama kumi mbali naye, penye kivuli, kwa sababu juani kioo hakionekani vizuri. Nilikuwa nacheza gemu ya vifaru vya kivita. Unalinda ngome yako ya matofali isivunjwe na maadui, na siku hiyo nilikuwa nimefika mahali ambapo sikuwahi kufika.

Mama akaniita. Alitaka kwenda chooni. Aliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hayo niliyajua baadaye, kwa maana mimi nilisikia milio ya risasi tu. Mtu mzima ana haya yake, na haja haingoji. Akainuka, akapapasa ukuta, akaufuata mpaka ukaisha, na pale ulipoishia palikuwa na ngazi mbili za saruji.

Nilichoona mimi ni watu wakikimbia kunipita. Na sasa nitakuambia jambo ambalo nilikaa nalo miaka bila kulitamka. Kabla sijainuka, nilibonyeza kitufe, nikasimamisha gemu, ili nisipoteze pale nilipofika. Ndipo nikageuka kutazama wanakimbilia nini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini tazama mambo ya dunia. Asiyesikia nilikuwa mimi, aliyevunjika alikuwa mama. Mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Na uso wake ulikuwa umegonga saruji.

"Mama, nani alikuwa na wewe hapa?" nesi akauliza.

"Mwanangu nilimtuma chai," mama akajibu. "Nimenyanyuka mwenyewe. Kiburi cha uzee."

Alisema hivyo uso wake wenye bandeji umeelekea upande wangu, maana alikwisha kusikia viatu vyangu. Nami nikanyamaza.

Daktari alisema mkono utaunga. Kuhusu jicho hakutuahidi chochote. Tungejua bandeji ikitoka, baada ya siku tano.

Kesho yake Gwakisa akafika, vumbi la machimbo bado limo kwenye mikunjo ya suruali. Mama akamsimulia habari ileile ya chai. Kaka akanishika bega. "Pole, mdogo wangu. Asante kwa kumuuguza mama." Heri angenipiga kibao. Mchana ule tulikula ugali sahani moja, nami nikanawa mikono kabla yake.

Alasiri nikaenda kupika uji kwenye jiko la wanaouguza wagonjwa. Nikamkuta Bibi Kikoti, mama mtu mzima wa Kihehe aliyekuwa akimuuguza binti yake wodi ileile.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mjukuu wangu." Akachochea kuni zake, hakunitazama. "Jana nilikuwa barazani nachambua maharage. Mama yako aliita mara tatu. Nikainuka nimkimbilie, lakini miguu yangu hii haikuwahi."

Nikasubiri matusi. Hakunitukana. Mzee wa kweli, mwanangu, hana haja ya kupaza sauti.

"Mama yako amekufunika blanketi," akasema. "Ni haki yake, ni mzazi, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ila wewe, mwanaume mzima, utalala humo mpaka lini?"

"Namwogopa kaka."

"Mwogope. Lakini sikiliza. Kutosikia ni kosa la masikio, hilo linasameheka leo hii. Kunyamaza ni kosa la moyo, hilo hukua kila siku unapolilisha. Na hicho kidude chako usikitupe shimoni ukadhani umetubu. Hakikuingia masikioni mwako chenyewe." Kisha akanisukuma kwa kiwiko. "Haya, koroga, uji wako unaungua."

Nikarudi wodini na uji ulioungua kidogo. Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Nikaweka bakuli chini nikasema, kabla ujasiri haujanitoka, "Kaka, mama hakunituma chai."

"Lusajo, acha," mama akasema.

"Hapana, mama." Nikamweleza kaka yote: kivuli, spika masikioni, mara tatu alizoita. Yote, isipokuwa kile kitufe. Hicho kilinishinda.

Gwakisa aliutazama uji mpaka ukafanya utando juu. Kisha akanyoosha mkono, nami nikampa kidude. Nilijua atakipiga ukutani. Akakigeuza, akakitazama huku na huku.

"Mimi ndiye niliyekinunua," akasema polepole. "Nilisema mdogo wangu asiwe mpweke." Akakitia mfukoni.

"Kaka, na mama asipoona?"

"Asipoona, tutamshika mkono wote wawili. Wewe kulia, mimi kushoto. Mpaka mwisho."

Hapo nikalia, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mbele ya wodi nzima. Mama akapapasa hewani kwa mkono wake mzima mpaka akakipata kichwa changu. "Ndaga," akasema, asante, kwa Kinyakyusa chetu. Sijui alimshukuru nani kati yetu wawili, au alimshukuru Mungu.

Zile siku zilizobaki nilikuwa nyuma yake kama kivuli, akikohoa tu nimesimama. Mpaka akanifukuza: "Baba, niache nipumue."

Siku ya tano nesi akafungua bandeji taratibu. Mama akapepesa, machozi yakamtoka, akafumba tena. Akafumbua.

"Naona dirisha," akasema. Akageuka. "Gwakisa! Mbona umekonda hivi? Huko machimboni hamli?" Kaka akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mama akanitazama mimi, akanitazama muda mrefu. "Na wewe, ndevu zimekuota lini?" Kisha akanyoosha kiganja. "Haya. Nionyesheni hicho kidude."

Tulidhani anatania. Hakuwa akitania. Kaka akakitoa mfukoni, nasi tukatoka barazani, mara hii tukakaa benchi moja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo yeye aliendesha kifaru kwa kidole gumba cha kulia, mimi nikafyatua risasi. Kila alipokosea njia alimlaumu Gwakisa kwa kumzibia mwanga. Bibi Kikoti akaja kuchungulia, akawa anapiga kelele, "Wanakuja upande ule! Ule!" Ngome yetu ikavunjwa mara moja. Mama akacheka mpaka nesi akaja kumkanya kwamba jicho bado bichi.

Alipotulia akaniambia, bila ukali, "Lusajo, sikuumia kwa sababu ulikuwa unacheza. Ujana ni kucheza. Niliumia kwa kuwa niliita nikajiona niko peke yangu, na wewe uko palepale."

Jicho lile lilimhudumia mama miaka kumi na mmoja. Alisoma kitabu chake cha nyimbo za kanisani bila kuazima macho ya mtu. Aliwaona wanangu wawili, kila mmoja siku ileile aliyozaliwa, akabishana na kila mtu kuhusu pua zao. Na habari ya kitufe nilimwambia hatimaye, siku moja tukimenya viazi jikoni. Akafikiri, kisu mkononi.

"Ulikuwa umefika hatua ya ngapi?" akauliza.

"Ya kumi na nane, mama."

"Ooh," akasema. "Ilikuwa mbali." Akaendelea kumenya.

Mwanangu, kila nikikumbuka jibu lile nashukuru upya. Nashukuru kwa mama aliyenisitiri bila kunisimanga. Nashukuru kwa kaka ambaye angeweza kuvunja, akatia mfukoni. Nashukuru kwa bibi wa watu, wala hatukuwa ndugu, aliyeniambia neno ambalo ndugu wangeniambia kwa fimbo. Hata kidude chenyewe nakishukuru, maana betri yake ilipokufa nilikifungua mwenyewe nione kilichomo, na udadisi ule ndio ulionifanya fundi simu hapa Mwanjelwa hadi mvi hizi.

Kwa hiyo sitakuambia usicheze. Vijana wananiletea simu zao kila siku, nami nikimaliza kutengeneza huwa nazijaribu kwa gemu, Mungu anisamehe. Cheza, mwanangu, furahi, umri huo haurudi. Ila mtu akishakabidhiwa mikononi mwako, awe mgonjwa, mtoto au mzee, sikio lako moja ni lake, usilizibe. Kukaa karibu na mtu si kuwa naye. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema mwenyewe mapema, kabla yule anayekupenda hajachoka kukusitiri. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mkimya ni ndefu na haina pa kupumzikia.

Mungu akubariki kwa kazi ya mikono yako, na kwa michezo ya kuuchangamsha moyo wako. Akupe wazee wa kukukanya bila kukuvunja. Akujalie watu wa kukuita kwa jina lako mpaka uzeeni, na kila watakapokuita, wakukute upo.